Harusi ya pichi: Jinsi ya kuoanisha shada la bibi harusi na maua ya koti bila kuchoma picha

Ingia kwa grupu ya WhatsApp ya kamati yoyote ya harusi na utapata stori kubwa ni mbili: chapaa na rangi. Kwa upande wa rangi, pichi bado inabamba. Desemba 2023 kampuni ya Pantone ya Marekani iliitangaza Peach Fuzz kuwa rangi ya mwaka wa 2024, lakini warembo wa hapa walikuwa wameipenda kitambo. Inakaa poa kwa ngozi nyeusi, haipigi kelele kama nyekundu, na inaenda na karibu kila suti.

Shida ni moja. Pichi ni rangi tapeli. Kwa simu inakaa hivi, kwa duka inakaa vile, na siku ya harusi bibi harusi anashika shada la machungwa huku bwana harusi amevaa ua la pinki kifuani. Picha zikitoka, wawili hao wanakaa ni kama kila mmoja alikuwa anaenda harusi yake.

Kama mnapanga harusi ya pichi, hii hapa ni rada yote: kuchagua waridi, kuhesabu mashina, kutengeneza ua la koti, na ile stori ngumu zaidi, nani atavalishwa ua na nani ataachwa.

Pichi si rangi moja

Ukimwambia muuza maua "nataka mawaridi ya pichi", yeye anasikia rangi kama tano. Kuna krimu iliyoguswa na pichi kidogo, ambayo wengi huita shampeni. Kuna pichi yenyewe, laini kama ngozi ya tunda. Kuna samoni, inayovuta kwa pinki. Kuna aprikoti, inayovuta kwa njano. Halafu kuna korali, ambayo ni moto kabisa na iko karibu na machungwa.

Hata mawaridi yenye majina makubwa hayafanani. Peach Avalanche ni pichi nyepesi, petali zake zimepangika vizuri. Juliet, lile waridi la David Austin wa Uingereza lililozinduliwa 2006, lina petali nyingi zimejaa katikati kama kabichi, na rangi yake iko kati ya pichi na aprikoti. Ukiweka moja kwa shada na lingine kwa koti, macho yataona tofauti hata kama yote mawili yanaitwa pichi.

Kwa hivyo usiagize kwa jina la rangi. Agiza kwa ua lenyewe. Mwambie muuzaji: "Nataka hili, la aina hii, na yote yatoke kwa shehena moja." Shada la bibi harusi, mashada ya wapambe na maua yote ya koti yakitoka kwa mzigo mmoja, umemaliza nusu ya kazi.

Anza na ua, kitambaa kifuate

Wengi hufanya kinyume. Wanashona nguo za wapambe mwezi wa tatu, wananunua tai mwezi wa nne, halafu wiki ya harusi ndio wanaanza kutafuta waridi la kufanana na kitambaa. Hapo ndio watu husota. Duka la vitambaa pale Biashara Street au Eastleigh linaweza kuwa na pichi ishirini tofauti. Shamba la maua halina. Waridi linakuja na rangi yake, na huwezi kulirudisha kwa fundi.

Mbinu ni hii: miezi miwili au mitatu kabla ya siku, nunua banchi moja ndogo ya waridi unalolipenda. Ukiwa Nairobi, wauza maua wa City Market pale Muindi Mbingu Street watakuonyesha aina kadhaa. Peleka nyumbani, weka kwa maji, na usilinganishe na kitu chochote siku hiyo. Ngoja siku mbili.

Mbona ungoje? Waridi likiwa bado limefumba, petali za nje huwa zimeiva rangi, na mara nyingine zina ukijani. Likifunguka, ile rangi ya ndani ndiyo inatokea, na pichi nyingi huwa nyepesi zaidi zikizeeka. Harusini ua litakuwa limefunguka. Hilo ndilo ua la kulinganisha na kitambaa.

Likishafunguka, chukua petali chache, ziweke kwa karatasi nyeupe, na uende nazo dukani. Toka nje ya duka na uangalie kitambaa na petali kwa mwangaza wa jua, ikiwezekana saa ile ile mtakayokuwa mnapigwa picha. Taa ya njano inafanya pichi iwe machungwa. Taa nyeupe ya dukani inaifanya ikae kijivu. Na usiwahi kuamua kwa picha ya simu, kwa sababu kamera hujirekebisha rangi yenyewe bila kukuambia.

Kuna kitu kingine watu husahau: hema. Kama hema lenu limetandazwa vitambaa vya zambarau au buluu, mwangaza unaopita hapo unapaka kila kitu rangi, pamoja na nyuso zenu. Kwa harusi ya pichi, hema jeupe au la krimu ndio mpango.

Orodha ya maua ya koti ni siasa

Hapa ndio moto uko. Ua la koti ni waridi moja, jani moja na pini. Bei yake haifikii ya sahani ya pilau. Lakini siku ya harusi, hilo ua ndilo linawaambia watu mia tatu nani ni nani. Mtu akiwa nalo, anahesabika. Akikosa, pia anajua.

Fikiria anko aliyemlipia bibi harusi karo kutoka kidato cha kwanza hadi chuo. Anafika kanisani na suti imepigwa pasi, anawekwa kiti cha tatu, kifua kitupu. Mbele yake kuna msee wa lainapu ambaye bwana harusi alimjua mwaka jana kazini, na ana ua. Anko hatasema kitu. Ataimba, atacheza, atatoa zawadi. Lakini hiyo kitu itakaa familia miaka kumi.

Ndio maana orodha ya maua isiachiwe muuza maua, wala isiandikwe na mtu mmoja. Kaeni chini, bibi harusi na bwana harusi, na mama kutoka kila upande, mpitie majina. Kawaida wanaume wa kuvalishwa huwa hivi:

1. Bwana harusi.
2. Msimamizi wake na wanaume wote wa lainapu, pamoja na kale kavulana kanakobeba pete.
3. Mabuda wa pande zote mbili.
4. Guka au babu aliye hai na atakayefika.
5. Maanko waliobeba familia, hasa aliyesimama mahali pa baba wakati wa ruracio au mazungumzo ya mahari.
6. Pasta au padri, kama anapenda. Wengine mavazi yao ya ibada hayaruhusu, kwa hivyo uliza mapema.
7. MC.

Kwa wanawake, mama wa pande zote mbili na mashosho hupata ua la kifuani au la mkononi. Hili huwa kubwa kidogo, mawaridi mawili madogo na majani.

Familia hazifanani, na orodha lazima ikubali hivyo. Kama kuna baba mzazi na baba mlezi na wote wanakuja, wote wavalishwe, maua sawa, ukubwa sawa. Kama mathe alilea peke yake, usimpe ua moja halafu uache pengo mahali pa baba. Mpe ua kubwa zuri kuliko yote na yeye ndiye amsindikize binti yake. Kama mzazi alishaaga, wengine hufunga utepe wa pichi na waridi moja kwa kiti cha mbele, au wanashona kapicha kadogo kwa mpini wa shada. Hakuna atakayeuliza. Wote wataelewa.

Hesabu ya mashina

Tuchukue harusi ya kawaida, yenye wapambe wanne. Hesabu inaenda hivi:

- Shada la bibi harusi: mawaridi 24.
- Wapambe 4, kila mmoja 10: mawaridi 40.
- Shada la kurusha: mawaridi 10.
- Maua ya koti 14 (bwana harusi, msimamizi, wanaume 3 wa lainapu, mbeba pete, mabuda 2, maguka 2, maanko 2, pasta, MC): mawaridi 14.
- Mama 2 na mashosho 2, kila mmoja mawili: mawaridi 8.
- Petali za wasichana wa kumwaga maua: mawaridi 6.

Jumla ni 102. Ongeza asilimia 15 kwa sababu kuna mengine yatavunjika shingo, mengine yatakataa kufunguka, na lazima mtu atakalia ua lake. Hiyo inakupeleka 117. Kama banchi ni ya mashina 20, nunua banchi 6. Kama ni ya 10, nunua 12.

Urefu wa shina pia una bei yake. Mawaridi huuzwa kwa sentimita, na marefu ndio ghali. Kwa shada la mkononi huhitaji shina refu, kwa sababu utalikata hata hivyo. Kwa ua la koti ndio kabisa, unabakisha vidole viwili au vitatu vya shina. Kwa hivyo usilipie urefu utakaotupa kwa pipa. Lipia kichwa kizuri cha ua.

Shada na koti zinaongeaje?

Sheria ni rahisi: ua la koti ni kipande cha shada. Kila kilicho kifuani kwa bwana harusi lazima kiwe kinaonekana pia mkononi mwa bibi harusi. Kama shada lina waridi la pichi, jani la mkaratusi na jipsofila, yale maua madogo meupe kama povu, basi koti libebe waridi moja, jani moja na kipovu kidogo.

Bwana harusi atofautishwe na mbogi yake, lakini kidogo tu. Yeye apewe waridi kubwa lililofunguka vizuri, wengine wapewe dogo lililofumba nusu. Au wote wapewe waridi sawa, yeye aongezewe kautepe ka rangi ya utepe wa shada. Mabuda wote wafanane.

Kosa kubwa la harusi za pichi ni kuvalisha wapambe gauni la pichi halafu kuwapa mashada ya pichi. Kwa picha, maua yanamezwa na nguo. Kuna njia tatu za kutoka hapo: wape wapambe maua ya krimu yenye mawaridi machache ya pichi, ongeza majani mengi pembeni ili kuwe na mpaka wa kijani, au badilisha nguo ziwe kijani kilichopauka, buluu nzito au hudhurungi ya chokoleti, na uache pichi ikae mkononi.

Gauni la bibi harusi pia lina maneno. Gauni jeupe pee chini ya jua la saa saba mchana linaua pichi nyepesi, ua linakaa limepauka. Hapo ongeza mawaridi machache ya korali katikati ya shada. Gauni la krimu linapatana na pichi karibu zote.

Kwa suti, buluu nzito, kijivu cha makaa na kijani cha zeituni zinafanya waridi la pichi liwake. Suti ya beji au kaki ndio ngumu, ua linapotea. Weka jani pana la kijani nyuma ya waridi ili lipate ukuta. Tai si lazima iwe pichi. Kama haitafanana kabisa na ua, ni afadhali iwe rangi tofauti kuliko iwe karibu-karibu, maana karibu-karibu ndiyo inachoma.

Kwa harusi za Pwani, kumbuka kifua kilikuwa na maua yake kabla ya koti kufika. Kikuba cha asumini na rihani kimekuwa kikinukia kwa nguo za wanawake wa Kiswahili kwa vizazi. Ukitaka waridi la pichi lionekane liko nyumbani Mombasa au Lamu, liweke na asumini. Nyeupe na pichi zinakubaliana, na harufu waridi la shambani halitakupa, asumini itakupa.

Jinsi ya kutengeneza ua la koti

Kama budget imebana, hii kazi mnaweza kufanya wenyewe kwa keja Ijumaa jioni. Unahitaji mkasi mkali, waya nyembamba ya maua, tepu ya kijani ya maua, utepe na pini zenye kichwa.

1. Chagua waridi lililofunguka nusu. Lililofumba kabisa linakaa kama kidole, lililofunguka sana litapukutika.
2. Toa petali za nje zilizoumia. Moja au mbili, usinyoe.
3. Kata shina ubakishe kama sentimita 5.
4. Pitisha waya kwenye ule uvimbe wa kijani chini ya petali, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha uikunje chini sambamba na shina. Hiyo waya ndiyo itazuia shingo kuanguka.
5. Weka jani nyuma na jipsofila kando.
6. Zungusha tepu kutoka juu kuelekea chini ukiivuta kidogo. Hiyo tepu hushika ikivutwa.
7. Funika na utepe. Kata ncha ya waya isitoboe shati.

Nyunyizia maji kidogo, panga kwa boksi lenye karatasi yenye unyevu, na uweke mahali pa baridi. Andika jina la kila mtu kando ya ua lake. Hiyo karatasi ya majina itaokoa harusi.

Ratiba ya wiki ya harusi

Kwa harusi ya Jumamosi, pokea maua Jumatano jioni au Alhamisi. Mawaridi kutoka mashamba ya Naivasha, Thika au Nanyuki huja yamefumba, na yanahitaji siku moja au mbili kufunguka. Mwezi wa saba, kukiwa na baridi Nairobi, yape muda zaidi. Mombasa joto linayafungua mbio, kwa hivyo Alhamisi jioni inatosha.

Yakifika, toa majani yote yatakayozama kwa maji, kata shina kwa mshazari kama sentimita 2, na uyaweke kwa ndoo safi yakunywe usiku kucha. Yakae kivulini, mbali na dirisha na jiko. Na yasikae karibu na ndizi, embe au avokado zinazoiva. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Kama utatumia friji, toa matunda kwanza na usiyabananishe ukutani nyuma, yataganda.

Angalia kalenda pia. Wiki za kabla ya Februari 14, mashamba yanapeleka maua mengi Ulaya na bei ya hapa inapanda. Siku ya Wanawake, Machi 8, pia huwa na presha. Kama harusi yako iko karibu na tarehe hizo, agiza mapema, lipa deposit, na uandikiwe risiti yenye aina ya waridi na idadi ya mashina.

Usafiri nao usiwe wa kubahatisha. Shada kwa boda bila boksi linafika limekaushwa na upepo. Tuma gari, maua yakae wima kwa ndoo yenye maji kidogo.

Siku yenyewe

Teua mtu mmoja wa maua. Asiwe wa lainapu, asiwe mama wa bibi harusi. Yeye ndiye mwenye boksi, orodha na pini za akiba.

Ua la koti linakaa upande wa kushoto, juu ya moyo, kichwa juu na shina chini. Pini inaingia kutoka nyuma ya kola ya koti, inashika shina, inarudi nyuma, isionekane. Mzee aliyevaa shati la kitenge lisilo na kola ya koti, mbandikie kifuani kushoto pamoja na kipande kidogo cha kitambaa nyuma ili shati lisivutike. Kuna wanaotumia sumaku badala ya pini, lakini uliza kwanza. Mzee mwenye kifaa cha moyo asiwekewe sumaku kifuani.

Usibandike watu kabla ya kuingia kwa gari. Magari yetu yana usukani kulia, kwa hivyo abiria wa mbele, anayekaa kushoto, mkanda wake unapita begani kushoto, pale pale ua lilipo. Bandika mkishafika, dakika kumi kabla ya kuingia kanisani.

Baada ya ibada kuna ile kukumbatiana ya maanti, na hapo maua mengi hufa. Ndio maana kuna akiba. Weka maua matatu ya koti ya ziada, na bwana harusi abadilishiwe lake kabla ya picha za bustani.

Na kabla ya yote hayo, wakati watu wanatafuta viti, mtu wa maua apite na orodha mara ya mwisho aangalie vifua. Waridi likipauka kidogo, mpiga picha atalirekebisha kwa kompyuta. Mzee aliyesahaulika harekebishiki.